Nyumba Iliyoingiwa na Maji: Ni Nani Tumkabidhi Ufunguo?



 Safu yetu ya wiki hii inatoka mbali na bahari. Tumeiandika kwa ajili ya jamaa zetu wanaoishi Lodwar na Kakuma, katika Kaunti ya Turkana, lakini mwenye nyumba Tana, Malindi au Mombasa asiione kuwa haimhusu. Maji yakishaingia ndani, hayaulizi mwenye nyumba ni mtu wa wapi.

Wengi wetu tukisikia jina la Turkana hufikiria ukame. Ni kweli kwamba Lodwar hupata mvua ya takriban milimita 200 tu kwa mwaka. Lakini ardhi yake ni ngumu, haina majani ya kuyazuia maji, na mito yake hupokea mvua iliyonyesha kwengine. Mto Turkwel unaopita Lodwar unaanzia Mlima Elgon. Mto Tarach unaopita Kakuma hupata maji yake upande wa vilima vya mpakani mwa Uganda. Kwa hiyo huweza jua likawaka mjini, watoto wakacheza juu ya mchanga wa laga kavu, na saa chache baadaye maji ya ugenini yakafika kwa kishindo. Ndiyo mafuriko ya huko: huja upesi, huondoka upesi, na huacha tope ndani ya nyumba.

Ilikuwa hivyo katika mvua kubwa za mwisho wa mwaka 2019, na ikawa hivyo tena katika mvua za El Niño za mwisho wa mwaka 2023. Katika hizo za pili alikuwako dada yetu mmoja wa Lodwar, na kisa chake ndicho kilichotufanya tuandike. Ametupa idhini ya kukisimulia, kwa sharti la kutomtaja jina.

Kisa cha dada yetu

Dada huyu alifiwa na mumewe mwishoni mwa Septemba mwaka huo, akaachwa na watoto wanne, mdogo wao akiwa hajaanza shule. Akakaa eda katika nyumba ya marehemu, nyumba ya matofali ya udongo iliyopigwa lipu ya saruji, yenye vyumba vitatu na choo cha shimo uani. Mwezi wa pili wa eda haujaisha, maji yakaingia usiku. Yalifika magotini, na yalipitia chooni kabla ya kufika sebuleni.

Swali lake la kwanza kwetu halikuwa la fundi. Alituuliza, "Dada zangu, mimi niko edani. Je, ninaweza kutoka?" Tulimuuliza mwanachuoni, naye akajibu bila ya kusita kwamba nyumba ikihofiwa kuanguka au kugharikishwa na maji, mwenye eda ana udhuru wa kuhama na kukaa mahali pa karibu penye usalama. Akahamia kwa jirani, yeye na wanawe.

Hapo ndipo sisi tulipokosea, na tunalisema wazi ili mwengine asikosee kama sisi. Tulimhimiza aitengeneze nyumba haraka, arejee kumaliza eda yake chini ya dari ya mumewe. Nia ilikuwa njema, lakini nia njema haikaushi ukuta. Akapatikana mtu aliyejitaja kuwa bingwa wa kurudisha nyumba baada ya mafuriko. Hakuingia hata chumba cha ndani. Alisimama mlangoni, akataja bei, akataka theluthi mbili zitangulizwe. Siku ya nne baada ya maji kutoka, lipu mpya ya saruji ilikuwa ukutani. Siku ya saba rangi ilipakwa. Dada akarejea, tukamshukuru Mungu.

Kabla ya mwezi kwisha, rangi ilianza kututumka kama ngozi iliyoungua. Unga mweupe wa chumvi ukatoka ukutani, kuvu jeusi likaota nyuma ya kabati la nguo, na mtoto mdogo akawa anakohoa kila usiku. Kisha kipande cha lipu kikaanguka juu ya mkeka alipokuwa amelala mtoto huyo dakika chache kabla. Fundi alipopigiwa simu, hakupokea.

Lililotuumiza zaidi ni jambo ambalo hatukulifikiria hapo mwanzo. Fedha zile hazikuwa za dada yetu peke yake. Mirathi ilikuwa haijagawanywa, na mume akiacha watoto, fungu la mjane ni thumni tu. Katika kila shilingi iliyopotea, sehemu kubwa ilikuwa ya mayatima na ya warithi wengine. Hakuna Mwislamu asiyejua jinsi Qur'ani inavyoonya, katika Suratun Nisaa, juu ya mali ya yatima. Basi sisi tuliomhimiza tulijiona tuna sehemu yetu katika khasara ile.

Kwa nini ukuta ulikataa

Ukuta uliolowa hufanya kazi kama utambi wa taa. Maji hayabaki pale yalipofika. Hupanda ndani ya tofali kama mafuta ya taa yapandavyo katika utambi. Alama ya tope huweza kuwa magotini, na unyevu ukawa kiunoni. Jua na upepo wa Lodwar hukausha ngozi ya nje kwa siku mbili tatu, na mtu hudanganyika. Ndani bado kumejaa maji. Ukipiga lipu ya saruji juu yake umeyafungia mlango, nayo hutafuta njia ya kutokea: husukuma rangi, hubeba chumvi ya udongo hadi nje, na mwisho huiangusha lipu yenyewe. Kuvu nalo halingoji mwezi. Mahali penye unyevu na joto huweza kuanza kuota baada ya siku moja au mbili.

Wazee wetu wa Lamu na Mombasa, waliojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, waliijua siri hii. Chokaa huuacha ukuta upumue. Saruji ni nzuri mahali pake, lakini juu ya udongo uliolowa ni kama kumfunga blanketi mtu mwenye homa.

Njia ya kujaribu ni rahisi, na mama wa nyumba anaweza kuifanya mwenyewe. Chukua kipande cha nailoni nyeupe, upana wa shubiri mbili, ukibandike ukutani kwa utepe pande zote nne, asubuhi hata asubuhi. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ukuta bado. Ngoja siku kadhaa, ujaribu tena mahali pale na mahali pengine. Ukuta mnene huweza kuhitaji wiki nyingi. Fundi anayekataa jaribio hili amekwisha kukujulisha yeye ni nani.

Kabla fundi hajafika

Yako mambo ambayo familia yenyewe huyaanza. Kwanza ni umeme. Usiingie katika maji yaliyosimama kabla ya kuhakikisha kwamba umeme umezimwa; na kama swichi kuu iko mahali penye maji, usiiguse, mwite fundi wa umeme. Nyumba inayotumia sola au jenereta nayo ina hatari yake, hasa betri zilizozama.

Pili, piga picha za kila chumba, na utie alama ya mkaa pale maji yalipofikia. Alama hii itamsaidia fundi, na itakusaidia wewe akidai kazi kuliko iliyopo. Tatu, toa tope lingali laini, kwani likikauka hushika kama tofali. Vaeni viatu vya mpira na glavu, na watoto wasiwepo. Nyoka na nge nao hutafuta mahali pakavu, huingia katika masanduku na marundo ya nguo.

Nne, jueni maji yenu yalipita wapi. Maji ya mvua yaliyovuja darini ni jambo moja. Maji yaliyopita chooni ni jambo jengine. Godoro la sponji lililonyonya maji ya choo halioshwi likatosheka. Litupwe, ijapokuwa roho inauma. Vyombo na sakafu vioshwe kwa sabuni kwanza, kisha kwa dawa ya klorini iliyochanganywa na maji kama ilivyoandikwa chupani. Dawa hiyo isichanganywe kabisa na asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa hutoa moshi wenye sumu. Maji ya kunywa yaliyokuwa wazi yamwagwe, na ya kisima kilichofunikwa na mafuriko yasinywewe mpaka yatibiwe, kwa khofu ya kipindupindu.

Hapa wengi hutuuliza juu ya twahara. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani na ya ndugu zetu Wasomali, sakafu iliyoingiwa na najisi haitwahariki kwa kukaushwa na jua. Huondolewa najisi yenyewe, kisha humwagiwa maji mpaka rangi, harufu na ladha ya najisi iondoke. Wenzetu wa madhehebu ya Hanafi huona kwamba ardhi ikikauka na athari ikatoweka, huswalika juu yake. Tusibishane na majirani katika hili. Lakini hata kwa afya, kuosha ni bora kuliko kungojea jua.

Misahafu iliyolowa iwekwe kivulini penye upepo, vitambaa safi vitiwe kati ya kurasa, na vibadilishwe vikilowa. Usiuanike juani, kurasa zitajikunja na kushikana. Vyeti vya kuzaliwa, hati za ardhi na kadi za ukimbizi vifanyiwe vivyo hivyo.

Kumchagua fundi

Katika miji mikubwa ya dunia yako makampuni ambayo kazi yao ni hii tu: huja na pampu za kunyonya maji, mashine za kukausha hewa na vipimo vya unyevu. Lodwar na Kakuma mtu hutegemea mwashi, fundi wa umeme na vibarua, na mara nyengine mkandarasi. Vyovyote iwavyo, maswali ya kuuliza ni yale yale.

Uliza, ametengeneza nyumba gani baada ya mafuriko? Nenda ukaione, au umtume mtu unayemwamini, na azungumze na mama wa nyumba ile, si na mwanamume pekee, kwa kuwa yeye ndiye aishiye na kuta hizo mchana kutwa. Mkandarasi nchini Kenya hutakiwa asajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Anayejitaja mkandarasi aonyeshe cheti chake. Fundi wa umeme naye huhitaji leseni ya Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli. Mwashi wa mtaani huenda asiwe na karatasi, na pengine akawa bora kuliko wenye karatasi. Huyo kazi yake ya zamani ndiyo cheti chake.

Fundi wa kweli hukagua kabla ya kutaja bei. Hugonga ukuta asikie palipo na uwazi, hutazama msingi, hupanda darini, huuliza maji yalikaa saa ngapi. Atajaye bei akiwa mlangoni anauza bahati nasibu, na sheria yetu imekataza biashara ya kubahatisha.

Mkishaelewana, andikeni. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ile ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Basi kuandikiana si kumdhania mtu vibaya. Karatasi moja yatosha: kazi gani itafanywa na mpaka wapi, nani atanunua vifaa, siku ngapi za kukausha kabla ya lipu, ujira ni kiasi gani, na nani atarekebisha kasoro zikitokea ndani ya miezi mitatu. Itiwe sahihi na pande mbili na mashahidi.

Malipo yagawanywe. Kiasi kidogo cha kuanzia, kiasi kikubwa kazi ikiendelea na kuonekana, na sehemu ya mwisho ibaki mpaka nyumba ikaguliwe. Lipeni kwa M-Pesa au benki ili iwepo kumbukumbu. Na kama fedha ni za mirathi, hesabu iwekwe kwenye daftari, na warithi wakubwa waijue kabla ya shilingi ya kwanza kutoka.

Heshima ya nyumba nayo isisahauliwe. Kama ndani ni wanawake watupu, awepo kaka, mjomba au mzee wa jirani saa za kazi. Vyumba vya kulala vitolewe vitu vya siri mapema. Na mama azungumze na fundi bila ya kulegeza wala kutukana. Ufunguo usilale kwa fundi.

Na upande wa pili wa mizani: vibarua hawa ni watu wenye watoto. Wengine ni wakimbizi waliopoteza nyumba zao wenyewe. Maji ya kunywa, kivuli, nafasi ya kuswali au kupumzika, na ujira siku ile ile ya ahadi ni haki yao. Kumshikia mtu jasho lake ni dhulma, hata kama sisi tumekwisha kudhulumiwa na mwengine.

Msaada uliotoka Kakuma

Dada yetu alimpata fundi wake wa pili kwa njia ambayo hatukuitarajia. Jirani aliyemhifadhi ana ndugu Kakuma, kilomita 120 hivi kutoka Lodwar. Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na baadaye kando yake yakafunguliwa makazi ya Kalobeyei. Huko Kalobeyei uliendeshwa mpango ambao familia za wakimbizi zilipewa fedha za nyumba mikononi mwao, nazo zikachagua mafundi na kusimamia ujenzi. Kina mama wengi wamejifunza huko kusoma kazi ya fundi kama wanavyosoma mizani ya duka.

Akaletwa mwashi mmoja Mkongomani, Mkristo, mtu wa makamo, msema kidogo. Aliingia kila chumba. Aliuliza marehemu alijenga mwaka gani. Kisha akamwambia, "Mama, kwa sasa sihitaji saruji. Nahitaji siku." Akabomoa lipu mpya yote mpaka juu ya alama ya mkaa kwa kiasi cha mkono mmoja. Akaegemeza paa kwa nguzo, akatoa matofali ya chini yaliyolainika, mawili matatu kwa wakati, akatia mapya. Kisha akaondoka, akamwachia kipande cha nailoni na maagizo ya kufungua madirisha mchana. Hakuchukua fedha ya lipu, kwa kuwa lipu ilikuwa bado.

Wiki ya tatu nailoni ilikuwa na matone. Wiki ya tano ilikuwa kavu. Alirudi, akapiga lipu ya udongo na chokaa, akainua kizingiti na baraza, na akachimba mfereji wa kuyapeleka maji mbali na choo. Kuhusu choo chenyewe alishauri kihamishiwe upande wa chini wa kiwanja, na warithi wakakubali.

Tulirudi kwa mwanachuoni tukamweleza jinsi tulivyomharakisha dada yetu. Alitujibu kwa upole kwamba udhuru uliomtoa nyumbani ulikuwa haujaondoka. Maji yalitoka, lakini khofu ya ukuta ilibaki, na eda yake kwa jirani ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hatukuuliza swali hilo kwa wakati wake. Tuliliuliza la kwanza tu, la pili tukajijibu wenyewe.

Eda ilimalizika mapema Februari mwaka 2024, nyumba ingali inakauka. Jamaa kutoka Mombasa walifika, khitma ikasomwa uani kwa jirani chini ya turubai. Baadhi yao walinong'ona kwamba ni aibu mjane kumaliza eda katika nyumba ya watu. Dada yetu aliwasikia, akawapitisha mmoja mmoja katika nyumba yake tupu, akawaonyesha nailoni ukutani. Mwezi wa Machi, kabla ya mwandamo wa Ramadhani, alirejea na wanawe. Kikohozi cha mtoto kimetulia. Ile sehemu ya ujira iliyobakishwa ilipelekwa Kakuma siku ile ile, naye fundi akatuma jibu fupi la kuuliza kama mfereji unapitisha maji.

Fedha alizochukua yule wa kwanza hazijarudi. Dada ameziandika katika daftari la mirathi, ukurasa wa mbele, ili watoto wakikua wajue zilikwenda wapi. Sisi nasi tumechangishana kufidia fungu la mayatima, kwa kuwa haraka ile ilitoka vinywani mwetu. Tunawaomba wasomaji wetu mwenye jirani aliyeingiwa na maji asimuulize, "Utahamia lini?" Amuulize, "Ukuta umekauka?"